Asante, kaka mpiga picha uliyepita Mikindani

Kaka yangu, jina lako sikulipata, ila popote ulipo naomba upokee shukrani zangu. Ulikuja Mikindani kupiga picha za harusi kwa jirani, ukaona darubini uani kwetu, ukaingia na kamera yako ya kazi ili tukipige picha Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Chombo kile hupita kama kilomita 400 juu yetu, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Baada ya magharibi kinaonekana kwa dakika chache tu, maana sisi tumeshaingia gizani nacho bado kinamulikwa na jua. Darubini yetu haina mota ya kukifuata, ni mkono mtupu. Hapo ndipo ujuzi wako ulipofaa! Ulitafuta nyota angavu ukairekebisha lenzi mpaka ikawa nukta kali, ukabandika selotepu isicheze, ukaweka shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ifunguke kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukasema, "Wewe lenga, mimi nabonyeza."

Picha nyingi zilitoka nyeusi tupu. Moja ikakubali: mwili mweupe katikati, na paneli za sola huku na huku, zenye wekundu wa kutu. Mama hakuamini kwamba humo wanaishi watu, tena bila kukatika tangu Novemba 2000.

Hata nauli ya bodaboda uliikataa. Mungu akuzidishie, kaka. Picha nimeshaisafisha, nakala yako ipo hapa nyumbani, njoo uichukue.