Nimeipata sababu ya gajeti yetu kukwama

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya cha wiki tatu. Tangu uliponiarifu kwamba kiungo cha kupanga marejeo cha gajeti yetu (ile programu ndogo ya kuongeza vitendo kwenye wiki) hakionekani kwako ilhali kwangu kipo, sikutaka kukuandikia kabla sijajua sababu. Jana usiku nimeipata.

Skripti yetu huita mw.util.addPortletLink, amri ya kuongeza kiungo kwenye menyu ya ukurasa, lakini hakuna mahali inapoomba moduli ya mediawiki.util, yaani fungu la msimbo lenye amri hiyo. Kwangu ilifanya kazi kwa kuwa nimewasha pia gajeti ya Rehema, ambayo yenyewe huiomba moduli hiyo, na ikitangulia kupakiwa, ya kwetu huikuta iko tayari. Nilipoizima ile ya Rehema na kufungua konsoli ya kivinjari, likatokea kosa lile lile ulilonitumia, kwamba mw.util haijafafanuliwa. Imeniuma kukumbuka kwamba nilikusumbua ufute kache (kumbukumbu ya muda ya kivinjari) mara mbili, kumbe kache haikuhusika hata kidogo.

Kwa hiyo naomba msaada wako, kwani mwenye ruhusa ya kuhariri MediaWiki:Gadgets-definition, ukurasa wenye orodha ya gajeti za wiki, ni wewe. Katika mstari wa gajeti yetu, ndani ya mabano ya mraba, baada ya neno ResourceLoader, weka alama ya | kisha uandike dependencies=mediawiki.util,oojs-ui-windows. Nimejaribu kwanza katika common.js yangu (ukurasa wangu binafsi wa skripti), nikiifunga skripti nzima ndani ya mw.loader.using, amri inayopakia moduli kwanza ndipo skripti iendeshwe, na kiungo kimeonekana kila mara hata gajeti nyingine zote zikiwa zimezimwa.

Hiyo moduli ya pili ni ya dirisha la kuthibitisha. Tulikuwa tunategemea moduli ya jquery.ui.dialog, ila mw.loader.getState, amri ya kuuliza hali ya moduli, ilinirudishia null, maana yake jina hilo halimo tena katika orodha ya wiki yetu. Tafadhali usiliandike, kwa sababu moduli moja isiyojulikana hutosha kuifanya mw.loader.using ikatae ombi zima. Nimelibadilisha dirisha litumie OO.ui.confirm, iliyomo katika oojs-ui-windows.

Kama nilivyofanya mimi, jaribu ukiwa umezima gajeti ya Rehema, la sivyo hatutajua kama tumepona kweli. Je, utapata nafasi wiki hii? Kosa likibaki, utaniongezea debug=true (ya kuwasha hali ya kutafuta makosa) kwenye anwani ya ukurasa na kunitumia mstari wa kwanza mwekundu? Na ile gajeti yako ya jamii (makundi ya makala), inaomba moduli zake yenyewe, au nayo inaegemea ya mwenzake?

Wako,
Hamisi