Zungusheni droni polepole, wazee wetu waonekane

Mhariri,

Mimi ni mpiga video wa harusi na sherehe za ukoo, naishi Walukuba hapa Jinja, Uganda. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa miaka mitano narusha droni pia. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma kila ninapotazama kazi za vijana wenzangu kwenye simu. Droni inapaa vizuri, inasimama juu ya hema, halafu inazungushwa kama pia. Mabati, migomba na kanzu nyeupe vinachanganyika kuwa ukungu mmoja, na anayetazama anafumba macho.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Mwaka 2022 familia moja ya ng'ambo ya mto, upande wa Njeru, iliniita nirekodi siku ambayo mzee wao alitimiza miaka tisini. Watoto, wajukuu na vitukuu walijipanga uwanjani nusu duara, mzee katikati yao amevaa kanzu na koti, nyuma yake mto Nile. Droni niliisimamisha mbele yao, nikaigeuza kutoka kushoto hadi kulia, nusu mzunguko mzima, kwa sekunde tatu. Kwenye kioo kidogo cha rimoti nilidhani nimepata. Usiku, tulipoiweka kwenye televisheni ya sebuleni, nyuso zilikuwa zinarukaruka, huwezi kumtambua mtu. Binti yake aliyeko London alitumiwa ile video, akapiga simu: kichwa kinamzunguka, na baba hajamwona. Mzee alifariki miezi mitano baadaye.

Nilikaa chini nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka vijana waijue. Nilikuwa narekodi fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana. Digrii 180 kwa sekunde tatu ni digrii 60 kila sekunde, yaani digrii 2.4 kutoka fremu moja hadi nyingine. Lensi za droni nyingi ndogo huona upana wa digrii 70 hivi. Katika picha yenye upana wa pikseli 1920, vile vidoa vidogo vinavyoiunda picha, kila kitu kilikuwa kinahama pikseli 66 kwa mkupuo. Jicho haliwezi kuunganisha miruko mikubwa hivyo. Wapiga filamu wana kanuni yao ya zamani: kitu kinachoingia upande mmoja wa picha kisitokee upande wa pili kabla ya sekunde saba kupita. Kwa lensi hiyo ya digrii 70, hiyo ni digrii 10 kwa sekunde, na ule mruko unashuka hadi pikseli 11. Nusu mzunguko wangu ulipaswa kuchukua sekunde 18. Mzunguko kamili, sekunde 36. Ukisimama na rimoti mkononi, sekunde 36 ni ndefu mno, unahisi watu wote wanakungoja. Zivumilie.

Kidole nacho kina mafunzo yake. Kwenye droni hizi ndogo kamera haijizungushi peke yake kwenda kushoto au kulia. Ni mwili wa droni unaogeuka, na gimbali, ile mikono yenye mota tatu inayobeba kamera, inalainisha tu. Kwa hiyo kila mshtuko wa kidole unafika kwenye picha. Wengi wanakisukuma kijiti cha rimoti kwa ncha ya kidole gumba, kinateleza. Mimi nakishika kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama unavyochukua chumvi, kisha nakisogeza kwa upana wa punje ya mchele na kukiacha hapo hapo. Kukirudisha ni vilevile, pole pole; ukikiachia ghafla, droni inafunga breki na picha inacheza kidogo kurudi nyuma. Ingia pia kwenye mipangilio ya programu yako: punguza kasi ya juu kabisa ya kugeuka, na ulainishe mwitikio wa kijiti ili kikisogezwa kidogo droni isiitike kwa pupa. Droni nyingi zina hali ya kurushia taratibu iliyotengenezwa kwa ajili ya video. Iwashe na uiache humo.

Halafu kuna jua letu. Jinja iko karibu kabisa na ikweta na mchana mwanga ni mkali sana. Ukiiachia kamera ijiamulie, inafungua na kufunga shata, ule mlango unaoingiza mwanga, kwa sehemu moja ya 3200 ya sekunde hivi. Kila fremu inatoka kali kama imekatwa kwa wembe, na hapo mruko unaonekana zaidi. Kwa fremu 25, shata inafaa iwe moja ya 50, ili kinachosogea kiwe na ukungu kidogo wa kuunganisha fremu na mwenzake. Kutoka 3200 hadi 50 ni mara 64, na ndiyo maana kuna filta nyeusi ya kupunguza mwanga mara 64, iliyoandikwa ND64. Asubuhi au kukiwa na mawingu, ND16 au ND8 inatosha. Vigae hivi vidogo vya kioo vijana wanaviona ni pambo, wananunua betri ya pili kwanza. Mimi nasema nunueni filta kwanza. Na hiyo moja ya 50 inawafaa hata jioni chini ya taa za hema, kwa kuwa umeme wetu ni wa hertz 50, taa hazitawapepesa kwenye picha.

Kabla ya kuanza kugeuza, funga mwanga na rangi visibadilike vyenyewe. Ukitoka kwenye kivuli cha mwembe ukaelekea mtoni kunakomeremeta, kamera iliyoachiwa huru itafifisha picha katikati ya safari, watu wote wawe vivuli. Na upepo: hapa kwetu ziwa linaanza kuvuma kadiri nchi kavu inavyopata joto, kwa hiyo asubuhi na mapema ndiyo saa ya kazi hii.

Lakini mara nyingi hata kugeuka si lazima. Hili limenichukua muda kulielewa. Droni ikigeuka pale pale iliposimama, mti wa karibu na kilima cha mbali vinahama kwa kasi ile ile, picha inakuwa bapa. Ukiitelezesha kwa ubavu, ya karibu yanapita haraka na ya mbali yanabaki nyuma, na jicho linaona uwanja una kina. Ukiunganisha yote mawili, kijiti cha kulia unakisukuma kulia huku cha kushoto unakivuta kushoto kidogo, droni inamzunguka mtu naye anabaki katikati. Ningemrekodi mzee yule leo, ningemfanyia hivyo, na wajukuu wangepita mbele yake mmoja mmoja.

Jambo la mwisho la ufundi ni kutulia. Jua utaishia wapi kabla hujaanza. Bonyeza kurekodi, hesabu tano bila kugusa kitu, geuza, fika, hesabu tano tena. Siku ile ya Njeru kulikuwa na sekunde nne mwanzoni, kabla sijagusa kijiti, kwa sababu nilikuwa nikimsubiri mtoto mmoja aache kukimbia. Katika sekunde hizo nne mzee anainua mkono kujikinga jua na kuitazama droni. Familia waliniomba nizitoe kwenye video, niwape hizo peke yake. Ndizo zilizoonyeshwa kwenye mazishi, zikirudiwa na kurudiwa, na picha iliyowekwa juu ya jeneza ilitoka humo.

Sijazungumzia vibali kwa urefu, lakini asirushe mtu bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyombo vya usalama, na mbuga za wanyama zina ruhusa zake. Sisi wa Jinja tuna mabwawa ya umeme na daraja jipya la mita 525, na hayo yanalindwa. Urembo wa daraja usikuponze.

Ombi langu lililobaki ni kwa wenye sherehe. Desemba inakuja, harusi zitakuwa nyingi. Mpiga video akiwaomba msimame mlivyo kwa nusu dakika, msimharakishe, na mshehereshaji azime muziki kidogo ili watoto wasikimbie. Sekunde 18 za kugeuka, tano mbele na tano nyuma, jumla 28. Mzee wenu muwekeni mahali ambapo droni itaishia.

Mpiga video,
Walukuba, Jinja