Maua ya Usambara tuyape majina wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waoteshaji wenzangu wa miche ya maua, pamoja na maofisa kilimo wa mkoa wetu wa Tanga.

Ua dogo la zambarau tunaloliuza kwenye vitalu kwa jina la afrikan vayoleti asili yake ni misitu yetu ya milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani hapa Tanga, alimpelekea baba yake ua hili Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Baadaye kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ikatoa aina zilizochaguliwa, mojawapo ikiwa 'Blue Boy', na tangu hapo maelfu ya aina yamepewa majina na kusajiliwa. Msajili wake wa kimataifa ni African Violet Society of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1946.

Sasa pita kwenye vitalu vya barabarani uangalie vibandiko. "Ua la ndani." "Zambarau." "Jeupe." Mteja akilipenda, akirudi mwakani hana la kuulizia. Inaniuma, kwa sababu tunao watu wenye mikono mizuri sana ya kuchavusha na kuchagua miche, na kazi yao inapotea kwa kukosa jina.

Mimi ninao mche niliouotesha kwa mbegu: maua ya samawati hafifu yenye ukingo mweupe. Nataka uitwe 'Bonde la Zigi'. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea ya bustani zinaniruhusu. Jina liwe katika lugha yoyote hai, lisiwe la Kilatini (hilo lilikatazwa kuanzia mwaka 1959), lisiwe limeshatumika kwa ua jingine la kundi hili la Saintpaulia, na liandikwe kati ya alama moja moja za kunukuu. Na halitafsiriwi. Likiuzwa Tokyo au London, litabaki 'Bonde la Zigi'.

Kazi kubwa iko kwenye kuhakikisha kwamba ua halibadiliki. Kata jani pamoja na kikonyo chake, pandikiza, subiri vitoto vichanue, kisha kata tena majani ya vile vitoto. Maua yakitoka vilevile kizazi baada ya kizazi, hapo una aina ya kusajili. Yakirudi kuwa ya rangi moja, usisajili. Yale yenye mistari kama spoki za gurudumu yana taabu zaidi, maana kwa jani mistari hupotea. Hayo huzalishwa kwa kutenganisha maotea, yaani machipukizi ya pembeni ya mche.

Wenzangu wengi wanachanganya usajili huu na umiliki. Msajili wa majina anaandika jina, sifa za ua na aliyelizalisha, basi. Hamzuii mtu yeyote kukata jani na kuuza. Anayetaka haki ya mgunduzi wa aina ya mmea aende kwenye sheria yetu ya mwaka 2012. Tanzania iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015, na chini ya mkataba wake haki kwa mimea ya namna hii hudumu angalau miaka 20. Hiyo ni njia nyingine, yenye majaribio yake na ada zake, na sidhani kila mwenye kitalu anaihitaji. Jina tunalihitaji sote.

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye Nane Nane, maofisa kilimo watenge meza moja ya kutufundisha kujaza fomu za usajili, kupiga picha za maua na kuandika sifa zake kwa Kiingereza kinachotakiwa. Wauzaji nao waache kulibatiza upya ua ambalo tayari lina jina.

Na yeyote atakayeanza kuchavusha, atumie mimea iliyokwisha kuzalishwa vitaluni. Ile ya porini, kwenye miamba yenye kivuli kule Amani, milimani Usambara, imebaki michache, tusiing'oe.

Mwotesha miche,
Muheza, Tanga