Lile panzi jeusi, Da' Mwanaidi

Luton, 9 Novemba

Da' Mwanaidi, shikamoo.

Assalaam aleikum. Mimi mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Baridi imeshaingia, lakini hiyo tumeizoea, tusimalizie wino huko. Zuhura ameniambia mguu wa Mama umepungua kuvimba. Alhamdulillahi. Asiache dawa kwa sababu tu maumivu yametulia, namjua yule.

Nakuandikia wewe peke yako kwa kuwa kwenye kundi la ukoo siandiki tena. Ile sauti aliyoirusha Baba Mdogo umeisikia, na wameisikia mpaka wa Makorora. Mimi nilituma picha nimesimama kando ya ndege, ovaroli mpya, jina langu kifuani, nikategemea angalau hongera moja. Yeye akasema tulimchangia akarushe ndege, kumbe kaenda kupiga picha na panzi jeusi la makumbusho. Kicheko. Halafu, hata pumzi hajavuta, akaingia kwenye kudai tena fedha za mabati.

Kwanza niseme la ovaroli, maana hakuna aliyeuliza. Nimepata leseni ya fundi ndege, daraja A, kutoka mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza. Si cheti cha semina kile. Nikibadilisha gurudumu la ndege ya abiria usiku, saini ni yangu, na alfajiri rubani anaondoka na watu wake wote kwa kuamini mkono wa mtoto wa Ngamiani. Hilo mwambie Mama, na mwambie kwa sauti, Bi Saumu wa jirani asikie.

Sasa panzi. Linaitwa Lysander. Lilitengenezwa na Westland, mji wa Yeovil, likaruka mara ya kwanza mwaka 1936. Umbo lake nakubali si la kuringia: bawa liko juu ya kichwa cha rubani, miguu minene haikunjwi, na taa za kutua zimefichwa humo humo miguuni. Mwanzoni lilipewa kazi za mchana, kuchungulia adui na kuelekeza mizinga. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Mei na Juni 1940, huko Ufaransa na Ubelgiji, yalipotea zaidi ya 100. Kilomita 340 kwa saa, tena likijikaza, mbele ya ndege za kivita za Mjerumani! Mwenye akili za Baba Mdogo angesema hicho ni chuma chakavu, kipimwe kwa kilo. Waingereza wakalipaka rangi nyeusi, wakalipeleka usiku.

Maana lilikuwa na jambo moja ambalo ndege za mbio hazina: linatua popote penye kiwanja. Mbele ya bawa kuna vipande vinavyochomoza vyenyewe mwendo ukipungua, na vile vya karibu na mwili vimeunganishwa na vya nyuma ya bawa, kwa hiyo vyote vinafunguka pamoja. Rubani hana mpini wa kuvigusa, kazi yote inafanywa na hewa. Hapo, dada, nilisimama nikiangalia mpaka mzee mmoja wa pale akaja kuniuliza kama nimeangusha kitu. Mwendo ukishuka mpaka kilomita mia na kidogo kwa saa, bawa bado limeshika hewa, ndege inashuka kwenye majani ya shamba la mtu na kusimama ndani ya mita mia chache. Ina ubaya wake pia. Ukighairi kutua, ukaongeza moto bila kwanza kurekebisha mkia, pua inapanda mpaka bawa linaachia hewa, na hapo uko karibu mno na ardhi kuweza kujiokoa.

Kikosi cha 161 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa mwaka 1942 kwa kazi hii ya gizani, kupeleka na kuchukua majasusi Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani, kambi yake Tempsford, hapa hapa Bedfordshire. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, Lysander zilihamishiwa Tangmere, karibu na bahari ya kusini, ili Ufaransa isiwe mbali. Bunduki zimeshatolewa. Chini ya tumbo limefungwa tangi la ziada la lita 680 hivi, na ubavuni kushoto kuna ngazi ya chuma ya kudumu, abiria asitafute pa kukanyaga. Rubani yuko peke yake, ramani mapajani, mbalamwezi ndiyo taa yake, na mto Loire ukimeremeta chini ndio barabara yake. Nyuma wanakaa majasusi wawili, watatu wakibanana. Hata ule weusi ulikuja kuonekana una kasoro: anayekutazama kutoka juu, mawingu yakiwa meupe chini yako, anakuona waziwazi. Wakarudisha kijani na kijivu mgongoni, nyeusi wakaiacha tumboni.

Rubani wa kwanza kumfuata jasusi Ufaransa, Oktoba 1940, risasi ilimvunjia dira. Akapeperushwa usiku kucha kwenye mawingu na upepo, asubuhi akaangukia pwani ya Scotland, karibu na Oban, mafuta yamekwisha. Yeye na abiria wake wakatoka wazima. Angalia ramani ya Zuhura ya shule uone ni wapi na wapi.

Lakini si rubani niliyetaka kumsema. Nilitaka kumsema mshika tochi.

Ndege hiyo haikutua kwa ujuzi wa rubani peke yake. Redio ya BBC, idhaa ya Kifaransa, jioni inasoma salamu zisizo na kichwa wala miguu, na anayehusika anajua kuwa usiku huo ndege inakuja. Anakwenda shambani na wenzake, wanachomeka vijiti vitatu vyenye tochi katika umbo la L iliyopinduliwa: ya kwanza anaposimama yeye, ya pili mita kama 150 mbele upande upepo unakotoka, ya tatu pembeni yake. Akisikia mngurumo, anamulika herufi waliyokubaliana kwa alama za Morse. Herufi ikiwa siyo, rubani hatui. Hata akimwona mtu chini anapunga mikono, hata kama abiria ametoka mbali na ana haraka, anageuza ndege anarudi Uingereza. Herufi ikiwa sahihi, anatua kwenye tochi ya kwanza, anazunguka kwenye zile mbili, anarudi kusimama tayari kuruka. Wanashuka, wanapanda, mizigo inapokezanwa, wakati mwingine na chupa ya mvinyo ya shukrani kwa rubani. Dakika tatu, ameondoka. Na hao washika tochi walifundishwa kabla: shamba lisiwe na tope, lisiwe na mtaro, miti isiwe karibu. Novemba 1943 Lysander moja ilikwama kwenye tope, wenyeji wakaleta ng'ombe waivute, ikashindikana, ikabidi waichome moto wenyewe.

Yupo binti mmoja aliyepita njia hiyo, Noor Inayat Khan. Mwislamu mwenzetu, baba yake Mhindi mwalimu wa Kisufi, mama Mmarekani, naye alikuwa akiandika hadithi za watoto. Usiku wa 16 kuamkia 17 Juni 1943 alipanda Lysander Tangmere akashushwa karibu na Angers, kazi yake kurusha habari kwa redio kutoka Paris. Wenzake walipokamatwa karibu wote aliambiwa arudi, akakataa. Akashikwa Oktoba mwaka ule ule, wakamuua Dachau Septemba 1944. Mwaka 1949 Waingereza wakampa nishani ya George Cross, naye hayupo wa kuipokea. Msimulie Zuhura, ila mwisho wake usimsimulie usiku.

Aliyempokea Noor uwanjani anaitwa Henri Déricourt. Hodari sana! Rubani wa zamani, anajua kuchagua shamba, tochi zake zimenyooka, herufi haikosei, abiria wanamsifu. Baadaye ikajulikana kuwa alikuwa na mazungumzo na Wajerumani, na barua za majasusi zilizopita mikononi mwake Wajerumani walizisoma. Mwaka 1948 alifikishwa mahakamani Paris, akaachiwa, na mpaka leo watu wanabishana alikuwa wa nani hasa. Ndege haikuwa na kosa. Rubani hakuwa na kosa.

Simtaji mtu, Da' Mwanaidi. Nasema tu kwamba za mabati ya kwanza nilizituma, zikapokewa kwa sauti nzuri na dua ndefu, na nyumba ya Mama mpaka juzi Zuhura alikuwa anahamisha beseni. Za kisima cha Muheza nilizituma. Kisima hicho aliyewahi kukinywa maji anyooshe mkono. Na huko Muheza kwenyewe nasikia ule upande wa michungwa ya Marehemu umemegwa, kuna mtu keshaweka vigingi, na mimi nimepata habari kutoka kwa mtoto wa Mzee Hiza ninayesoma naye hapa mitandaoni, si kutoka kwenu. Hilo limeniuma kuliko panzi. Ningekuwa nyumbani ningekaa na Baba Mdogo barazani tukasemezana kiutu uzima. Huku nimebaki kusikiliza sauti yake mara tatu tatu, nikitafuta tusi liko wapi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Fedha sitatuma tena kwa namba ya Baba Mdogo. Nitatuma kwa namba yako, na kabla sijatuma nitakupigia nisikie sauti yako, sitaki ujumbe wa maandishi. Ukiona nimenuna, ninune. Na kitu cha kwanza si mabati, ni Zuhura. Amefaulu fizikia na hesabu, mnataka akae afanye nini? Pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam wanafundisha ufundi wa ndege, mtoto asiletewe habari za kusubiri mchumba. Achukue fomu, aipige picha pande zote mbili, anitumie. Ada ni yangu. Akimaliza atatia saini kama ninavyotia mimi, halafu tuone nani atamwita panzi.

Baba Mdogo usimgombeze. Ni baba yetu yule, na Marehemu alipougua ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, sijasahau. Mpe salamu zangu, mwambie shikamoo yake ipo. Mwambie pia hizo Lysander mwaka 1945 zilifika hadi Bama (Burma), zikitua porini nyuma ya Wajapani. Babu na makeya wenzake, askari wa KAR, walikuwa wameshavuka mto Chindwin na kurudishwa India, kwa hiyo sisemi Babu alizipanda, ila hayo ndiyo makumbusho anayoyacheka. Nishani ya Babu bado iko kwenye kabati lake? Iulizie kwa upole.

Ile ndege ya makumbusho ya Old Warden niliyopiga nayo picha inatunzwa ikiwa ya kuruka, injini nimeisikia ikiwashwa. Moshi, kukohoa, halafu mngurumo mzito unaotikisa kifua. Nilikumbuka tulivyokuwa tukikimbia kwenda kushika waya wa uwanja pale Tanga, vile vindege vya Pemba vikiondoka, wewe umenibeba mimi na ndoo ya maji umeiacha bombani. Tulichapwa wote. Nimekula nini jana? Wali na maharage ya kopo. Samaki wa kupaka ninaye ndotoni tu, na nazi za huku ni za unga.

Mama nitampigia Jumapili baada ya alasiri, simu iwe na chaji.

Wako mdogo,
Shabani

Bado: Baba Mdogo akiuliza tena ya mabati, mwambie aandike ni mangapi na geji ngapi, na aambatanishe risiti ya yale ya kwanza.