Mwanafarasi si samaki wa kukunjwa

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha picha ya farasi dume wa miaka miwili, kichwa kimevutwa hadi kidevu kikakaribia kifua, kwa kamba iliyopitishwa kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kufungwa kwenye mshipi wa tumboni. Chini yake mliandika kwamba "ameanza kutulia". Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, kisha mfunzi wa farasi wachanga, kwa zaidi ya miaka 20, na kamba kama ile nimezifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Naomba muitazame tena picha hiyo. Weupe wa jicho umetokeza, tundu za pua zimetanuka, midomo imekazwa. Farasi yule ameshindwa kusogea tu.

Sipingi kila kizuizi. Daktari anaposhona kidonda, teke la mnyama wa kilo 500 linaweza kumuua. Hapo kisongo, yaani kile kitanzi kinachosokotwa kwenye mdomo wa juu, kina nafasi yake, ila kwa muda mfupi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kisongo cha mdomo hupunguza mapigo ya moyo katika dakika 5 za mwanzo. Kikiendelea kukaa, mapigo hupanda. Kumsokota farasi sikio kulipandisha mapigo tangu mwanzo. Kwa hiyo anayeshika sikio akidai anamtuliza farasi anamuumiza, na wengi wetu tunaoshughulika na farasi tumewahi kukutana na yule asiyekubali tena kuvishwa hatamu kwa sababu ya masikio yake.

Mafunzo ni jambo jingine kabisa. Farasi hujifunza pale mkono unapolegea. Unamgusa, anajaribu hili na lile, akipata jibu unaachia papo hapo, naye anajua ni lipi lililompa nafuu. Ukichelewa kidogo umemfundisha kitu kingine. Sasa kamba iliyofungwa kwenye mshipi italegezwa na nani? Mwanafarasi akiinamisha kichwa, bado ipo. Akikivuta ndani zaidi ili lijamu isimuume, bado ipo. Mwisho anaacha kujaribu, na sisi tunasema amekubali. Isitoshe, shingo ndiyo anayoitumia kujiweka sawa anapojifunza kubeba mtu mgongoni, na mifupa ya shingo na mgongo hukawia kukomaa kuliko ile ya miguu. Tunamfunga kiungo anachokihitaji zaidi, katika umri ambao anakihitaji zaidi.

Kuna farasi jike mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa na mwaka na nusu, na akifungwa alikuwa na tabia ya kuvuta nyuma. Niliyekuwa nafanya kazi chini yake aliniagiza nimfunge kwenye nguzo imara kwa kamba inayojikaza nyuma ya masikio, nimwache avute mpaka achoke. Nilitii. Alivuta, kamba ikambana, akazidi kuvuta kwa sababu farasi anayebanwa kichwani huogopa kama aliyekamatwa na simba. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akaanguka kichalichali, kisogo kikagonga ardhi. Wapo wanaokufa kwa kuanguka hivyo. Yeye aliinuka, damu ikimtoka puani. Nilikaa naye miezi mingi baadaye, na hakuniruhusu kamwe kugusa nyuma ya masikio. Kuvuta hakuacha. Mimi ndiye niliyefunga ile kamba.

Mtasema hayo ni ya mabanda ya watu wasiojua. Hapana. Watafiti walipima mikanda ya pua, ile inayozuia mdomo usifunguke, ya farasi 750 mashindanoni, katika nchi tatu za Ulaya, na wakachapisha matokeo mwaka 2017: asilimia 44 walikuwa wamekazwa kiasi kwamba hata kidole kimoja hakikupita, na ni asilimia 7 tu waliokuwa na nafasi ya vidole viwili inayopendekezwa tangu zamani. Ilipofika mwaka 2025, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilianza kutumia kifaa maalumu cha kupimia nafasi hiyo. Farasi anayepanua mdomo anatuambia lijamu inamuuma, au mkono ulioshika hatamu ni mzito. Tukiufunga mdomo huo, maumivu yanabaki palepale.

Wenzangu hupenda kunijibu: samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Nchini Ufaransa watafiti walimpiga brashi farasi mama kwa upole, dakika 15 kila siku kwa siku 5 za kwanza baada ya kuzaa, bila kumgusa mtoto. Watoto hao baadaye waliwakaribia watu kwa urahisi kuliko wengine. Dakika 75 kwa jumla, na hakuna aliyefungwa. Najua mfunzi anayelipwa kwa mwezi, huku mwenye farasi akidai kumpanda mapema, atasema hana muda huo. Basi aseme kwamba ni muda unaokosekana, asimsingizie mwanafarasi ukaidi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapochapisha tena picha ya farasi mchanga aliyefungwa, muulizeni aliyemfunga kamba hiyo ililegezwa lini, na farasi alikuwa amefanya nini wakati huo, kisha mtuandikie jibu lake chini ya picha.

Msomaji wenu,
Saisi wa zamani