Kabla hujamtia mdomoni pweza anayejinyonganyonga: barua kwa mdogo wangu aliyeko Busan

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba wenzako wa maabara wanakupeleka soko la Jagalchi, na sahani watakayoagiza ni san-nakji, yaani pweza mbichi aliyekatwakatwa, vipande vikiwa bado vinajinyonganyonga. Sikukatazi. Ila nataka ukae pale mezani ukijua kinachoua, maana watu wengi wanakiogopa kisicho chenyewe.

Mtu akisikia chakula cha hatari cha Korea, mawazo yanakwenda kwenye sumu. Sumu ni ya bunju, wao wanamwita bogeo, na mpishi anayemtayarisha mkahawani lazima awe na leseni. Nakji hana habari hiyo. Ni pweza mdogo, minyiri yake mirefu na myembamba, na sifa kubwa ni ya wale wanaotolewa kwenye matope ya kusini-magharibi, huko Muan, Sinan na Mokpo, maji yakishatoka. Nyama yake haina sumu na ni tamu. Kinachoua ni kule kunasa kwake.

Mtazame mpishi akiwa kazini. Anamtoa pweza kwenye tangi, anaipitisha minyiri kati ya vidole kuondoa ute, anatenga kichwa, kisha anaikatakata minyiri juu ya ubao kwa kisu kizito. Mafuta ya ufuta, chumvi, ufuta juu yake, na sahani iko mezani. Pweza mwenyewe hayupo tena, lakini kiasi cha theluthi mbili za seli za neva za pweza zimo kwenye minyiri, si kichwani. Ndiyo maana kila kipande kinaendelea kujikunja na kushika bila kuambiwa na ubongo. Vikombe vilivyo chini ya mnyiri bado vinanyonya: utakivuta kipande kwa vijiti, na sahani nayo itataka kukifuata.

Sasa fikiria nguvu hiyo ikiwa kooni. Kipande kikikushika ulimi au shavu, unakibandua tu. Kikishika penye mlango wa hewa, maji hayakiondoi, na kukohoa peke yake huenda kusitoshe. Oktoba 2023, mzee wa miaka 82 katika jiji la Gwangju alipaliwa na kipande cha namna hii, moyo ukasimama. Walio hatarini zaidi ni wazee, wenye meno ya bandia, watoto, na yeyote aliyekunywa. Kwa hilo la mwisho sina mzaha: soju, pombe kali ya Kikorea, na san-nakji hukaa meza moja karibu kila mara, na koo la mtu aliyelewa huchelewa kushtuka. Kama kuna mtu pale anataka kunywa, ale kwanza.

Kabla mpishi hajaanza kukata, mwambie *jalge sseoreo juseyo*, akate vidogo vidogo. Kipande cha sentimita moja kinatosha. Chukua kimoja tu, kikokote kwenye mafuta ya ufuta mpaka kiloe kote, kwa sababu vikombe haviwezi kushika vizuri penye mafuta. Kikiingia mdomoni kipeleke moja kwa moja kwenye magego na uanze kukisaga papo hapo. Usikiache kitulie juu ya ulimi ukisubiri kuonja. Tafuna mpaka usisikie chochote kinachosogea, halafu tafuna tena. Usicheke, usijibu swali la mtu, usiinue kichwa nyuma. Na wakikuletea pweza mdogo mzima aliyezungushwa kwenye kijiti, wa kuliwa kwa mkupuo, kataa. Huyo ana minyiri minane mizima, na hakuna ustadi wa kutafuna unaomfanya awe salama kwa mgeni.

Kwa wewe unayeangalia halali: mchuzi mwekundu wa pilipili unaoletwa pembeni hutengenezwa kwa gochujang, rojo la pilipili lililochachushwa, na gochujang nyingi za kiwandani zimetiwa pombe kidogo, utaiona kwenye orodha ya viambato. Baki na mafuta ya ufuta na chumvi. Uliza pia kama pweza amechanganywa na nyama mbichi ya ng'ombe, yukhoe, kwa kuwa mchanganyiko huo unapendwa sana.

Mwenzako akipaliwa, mwangalie kwanza. Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kikigoma, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, uvute kwa ndani na kwa juu mara 5. Rudia kwa zamu. Mtu mwingine apige 119, namba ya dharura ya huko, wakati huohuo, asingoje matokeo. Akizimia, mlaze sakafuni uanze kumkandamiza kifua, na kila unapotaka kumpulizia pumzi tazama mdomoni. Ukikiona kipande, kitoe. Usipokiona, usitie vidole kupapasa, utakisukuma ndani zaidi.

Kuna jambo la joto pia. Bahari ya Korea ikipata joto miezi ya kiangazi, bakteria wa vibrio huongezeka, na kwa mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu maambukizi yake yanaweza kuua kwa siku chache. Mtu wa namna hiyo asile kiumbe kibichi cha baharini, hata kama soko ni safi kiasi gani.

Na kama moyo haukubali, useme. *Mot meogeoyo*, siwezi kula, pamoja na kuinamisha kichwa kidogo kwa mkubwa aliyekualika, inatosha, hakuna atakayekununia. Agiza yeonpotang. Nakji huyohuyo hutiwa kwenye supu nyeupe inayochemka, mbele yako. Minyiri ikishajikunja na kubadilika rangi, ikatwe kwa mkasi iliwe mara moja, maana ikizidi motoni inakuwa ngumu kama mpira. Kichwa kiache ndani ya supu muda mrefu zaidi. Kina matumbo na wino, na hivyo vinataka kuiva mpaka katikati.

Kakako