Ripoti Yangu ya Kona ya Nne

Kwa Mwenyekiti wa Waamuzi, mbio za magari za ridhaa, Nakuru.

Mzee, shikamoo. Mimi ni yule mshika bendera wa kona ya nne. Silipwi, napewa chapati mbili na soda, na kwa hilo sina neno. Kinachoniuma ni karatasi niliyokukabidhi mkononi Jumapili ile, ambayo hadi leo haijapata jibu.

Niliandika nilichokiona. Starlet nyeupe ilikuwa imeingia upande wa kushoto kabla ya kona, pua yake imefika mlangoni mwa gari la mbele. Yule wa mbele akahama kushoto, akarudi kulia, akahama kushoto tena na kumbana mwenzake hadi akapanda matairi ya ukingoni. Bampa iling'oka, rejeta ikapasuka. Jioni aliyembana akabeba kikombe, na kijana wa Starlet, fundi anayeliunga gari lake kwa vipuri vya mitumba, akaambiwa mbio ndizo hizo, azoee.

Mbio sizo hizo. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, Kiambatisho L, haziruhusu dereva kubadili mwelekeo zaidi ya mara moja ili kulinda nafasi yake. Tena, akishajilinda na kutaka kurudi kwenye njia yake kabla ya kona, anatakiwa aache angalau upana wa gari moja hadi ukingoni. Yule hakuacha hata upana wa baiskeli.

Najua tatizo limetoka wapi. Sisi tumelelewa na rali. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia wa rali mwaka 2021, na Naivasha ikawa kitovu chake, kila kijana hapa anataka kuendesha kama anavyowaona madereva wa rali wakipita hifadhi ya Soysambu. Lakini rali ni mtu na saa yake: magari huachiwa moja moja, na ukimkuta wa mbele yako, basi ana pancha au vumbi limemzidi. Kuachiana nafasi mlango kwa mlango hakufundishwi kule. Nani awafundishe hawa vijana kama si ninyi mliokaa mezani?

Halafu kuna bendera ya manjano: punguza mwendo, usimpite mtu. Naipunga mpaka bega linauma na bado wananipita wawili wawili. Wengine hawaioni kweli, nakubali. Inasemekana Wamaasai waliuita mji huu mahali pa vumbi, na siku ya mbio hutabisha. Ila wapo wanaoiona vizuri sana.

Ninachoomba si kikubwa. Kila gari lifungwe kamera ndogo, na matokeo yasitangazwe kabla ripoti za kona zote hazijasomwa. Anayemsukuma mwenzake aongezewe sekunde 30. Akirudia, raundi inayofuata aanzie nyuma kabisa, awe na Subaru ya mamilioni au Starlet ya kuunganishwa. Na ule mkutano wa madereva wa asubuhi uendeshwe kwa Kiswahili. Nusu yao huitikia tu kwa kichwa.

Nakala ya ripoti ninayo. Kama yako imepotea, nipigie simu nikuletee nyingine kabla ya raundi ijayo.

Wako,
Mshika bendera, kona ya nne